Kizingiti Kisichopigiwa Hodi

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, njia ya kilovolti 220 inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijizima katika kituo cha kupoza umeme cha Suswa, Bonde la Ufa, nchini Kenya. Ilikuwa imebeba megawati 288. Muda si muda njia nyingine ikaifuata, ile ya kilovolti 500 inayotoka Ethiopia, nayo ilikuwa ikileta megawati 200. Jumla ya megawati 488 zikatoweka, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika nchini saa hiyo. Sehemu kubwa ya Kenya ikabaki bila umeme.

Maswali ya siku kama hiyo huwa ni yaleyale: kifaa gani kimeharibika, nani alikuwa zamu, umeme utarudi saa ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini lipo jingine ambalo wanahisabati wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 60. Vitu vingi vilivyokuwa vimetengana hugeuka lini kuwa kitu kimoja, hata tukio la upande huu likafika upande ule? Na mwenye mamlaka anaweza kuamua hilo litokee mapema, lichelewe, au lisitokee kabisa?

Moja ya majibu ya kwanza ya maana lilitoka Hungary. Mwaka 1959 na 1960 Paul Erdős na Alfréd Rényi walichapisha makala kuhusu mitandao inayokua kwa bahati nasibu. Hesabu zao zinaonekana vizuri kwa mfano wa mji wenye watu 1,000,000, ambamo hakuna hata mmoja mwenye namba ya simu ya mwenzake. Kila mara majina mawili yanachomolewa bila kuangalia, na wawili hao wanapeana namba. Watu wanahesabiwa kuwa kundi moja iwapo ujumbe unaweza kutoka kwa mmoja ukamfikia mwingine kwa kupokezana. Baada ya majina kuchomolewa mara 450,000, kundi kubwa kuliko yote bado halizidi watu elfu chache. Zoezi likiendelea hadi mara 550,000, linatokea kundi moja lenye watu wapatao 176,000, na mengine yote yanabaki kuwa vikundi vidogo. Katikati ya hesabu hizo mbili, kwenye 500,000, ndipo kilipo kizingiti: pale ambapo kila mkazi, kwa wastani, ana namba moja.

Kinachostahili kutazamwa hapo kuliko idadi yenyewe ni kwamba mjini hakuna aliyehisi lolote. Kabla ya kizingiti mkazi wa kawaida alikuwa na namba moja hivi, na baada yake ana namba moja hivi. Simu yake haikubadilika, majirani zake ni walewale, na hata hivyo amekuwa sehemu ya umati ambao habari moja, au kirusi kimoja, vinaweza kuupitia wote. Anayeishi ndani ya mtandao hana pa kusimama akakiona kizingiti kikija. Miaka miwili kabla ya makala ya kwanza ya Erdős na Rényi, Waingereza Broadbent na Hammersley walikutana na jambo hilohilo walipokuwa wakichunguza jinsi gesi inavyopenya vitundu vya mkaa wa kwenye barakoa. Tangu wakati huo tawi hili la hisabati linajulikana kama nadharia ya upenyaji.

Kwa miaka mingi kizingiti kilichukuliwa kuwa majaliwa tu: ukiongeza viungo vya kutosha, kitafika. Kisha mnamo mwaka 2000 Dimitris Achlioptas akauliza swali jepesi kulitamka. Je, kila mara zikichomolewa jozi mbili badala ya moja, na mtu akaruhusiwa kuchagua jozi ipi ipewe namba, anaweza kukisogeza kizingiti? Mwaka 2001 Tom Bohman na Alan Frieze walithibitisha kwamba inawezekana. Mwaka 2009, katika jarida la Science, Achlioptas, Raissa D'Souza na Joel Spencer wakaonyesha kwa kompyuta umbali ambao kizingiti kinaweza kusogezwa.

Kanuni yao haihitaji ramani ya mji. Mchaguzi anatazama jozi mbili zilizo mbele yake tu. Kwa kila jozi anazidisha ukubwa wa makundi mawili yatakayoungana, kisha anaipa namba ile jozi yenye zao dogo na kuiacha nyingine. Kwa uchaguzi huo mdogo, mji wa watu 1,000,000 unavuka 500,000 bila kundi kubwa kutokea, unavuka 600,000, unavuka 800,000, na kizingiti kinakuja kufikiwa kwenye 888,000 hivi. Kwa mipango yoyote ya kibinadamu, kuchelewesha jambo kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo ni ushindi.

Kisha malipo yanadaiwa. Mara kizingiti kinapofika, kundi kubwa linaruka kutoka watu 1,000 hadi zaidi ya nusu ya mji, na viungo vinavyohitajika kwa mruko huo havifiki 20,000. Wanasayansi waliuita upenyaji wa mlipuko. Chanzo chake ni kanuni yenyewe: kwa kuwa inayanyima makundi makubwa nafasi ya kukua, inajaza mji makundi ya wastani yanayolingana kwa ukubwa, yote yakiwa tayari kuungana. Unafika wakati ambapo jozi zote mbili zilizochomolewa zinaunganisha makundi ya aina hiyo, na mchaguzi hana tena lililo jema la kuchagua. Ucheleweshaji haukufuta deni, ulilirundika.

Ulizuka ubishi mkali kuhusu kama huo ni mruko wa kweli au ni mlima mkali tu. Mwaka 2010 kundi la Chuo Kikuu cha Aveiro, Ureno, likiongozwa na da Costa na Dorogovtsev, lilionyesha kuwa mabadiliko hayo yana mwendelezo. Mwaka 2011 Oliver Riordan na Lutz Warnke wakatoa uthibitisho kamili: maadamu idadi ya jozi za kuchagua kila mara ni ileile, mruko halisi haupo, hata mtandao uwe mkubwa kiasi gani. Kihisabati wana haki. Lakini kwa mwendeshaji wa mtandao wowote uliopo duniani, ambao una idadi ya vituo inayohesabika, mlima huo ni mkali kiasi kwamba hana nafasi ya kuukwea hatua kwa hatua. Mwaka huohuo Jan Nagler na wenzake walionyesha kuwa katika mitandao ya aina hii kiungo kimoja tu kinaweza kuwa na athari kubwa kupita maelfu yaliyotangulia. Kwa wapangaji wa miundombinu, hapo ndipo penye uzito. Viungo havilingani kwa thamani, na kinachoamua thamani ya kiungo ni wakati na mahali kinapowekwa.

Upo uwanja ambamo kuvizuia vitu visiungane ni kazi njema isiyo na deni, nao ni uwanja wa maradhi. Mwishoni mwa mwaka 1966, mashariki mwa Nigeria, daktari Mmarekani William Foege alikabiliwa na ndui huku chanjo alizonazo zikiwa hazitoshi kuchanja watu wote. Alitumia redio za wamisionari kuulizia vijiji vyenye wagonjwa, akaelekeza chanjo kwa watu waliowazunguka wagonjwa hao na mahali ugonjwa ulipoelekea kwenda. Mlipuko ukazimika ingawa wengi walikuwa hawajachanjwa. Njia hiyo ikaenea. Mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoambukiza kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Duara hilo la chanjo kuwazunguka wagonjwa linatofautiana na kanuni ya Achlioptas katika jambo la msingi. Kanuni ile inaahirisha viungo, na vitu vinavyosubiri kuungana vinabaki pale pale. Duara la chanjo linakata viungo: aliyechanjwa hapitishi tena ugonjwa, hivyo hakuna kinachorundikana nyuma yake. Kwa hiyo ushindi dhidi ya ndui haukufuatiwa na mlipuko wa kulipiza.

Ramani kamili haihitajiki hapa pia. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba, kwa wastani, marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye marafiki wengi hutajwa na wengi. Mwaka 2003 Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham waliligeuza jambo hilo kuwa mkakati. Chagua watu ovyo, usiwachanje wao, bali mwombe kila mmoja ataje mtu anayemfahamu, kisha mchanje huyo aliyetajwa. Bila orodha na bila sensa, chanjo inawafikia wale wanaoshikilia mtandao. Ni moja ya matokeo mazuri kuliko yote ya fani hii, na inasikitisha kwamba halijulikani zaidi katika ofisi za afya za wilaya.

Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, mkakati wa duara ulipitia mtihani mgumu zaidi. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, waliougua walizidi 3,400 na waliofariki walizidi 2,200. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa chanjo iliyokuwa imejaribiwa nchini Guinea mwaka 2015: waliokutana na mgonjwa, na waliokutana na hao. Beni na Butembo duara lilivunjika mara kwa mara kwa sababu ya vita na watu kutowaamini wahudumu, kwani mtu asiyemwamini mhoji hataji majina, na pasipo majina hakuna duara. Lakini Julai 2019 ugonjwa ulipoingia Goma, mji mkubwa uliopakana na Rwanda, wahudumu waliwafuatilia na kuwachanja waliokutana na wagonjwa kwa haraka, na waliothibitishwa kuugua mjini humo wakabaki wachache. Goma ingekuwa kile kiungo kimoja chenye thamani ya maelfu.

Katika umeme, intaneti na maji mambo yamegeuka, maana huko muunganiko unatafutwa kwa fedha nyingi. Gridi zikiungana, nchi yenye maji tele humwuzia jirani aliyepatwa na ukame, na kituo kimoja kikizimika vingine hubeba mzigo wake. Hasara hupita katika njia hiyohiyo ya faida.

India imelijaribu jambo hili kwa ukubwa usio na mfano. Nchi hiyo ilikuwa na gridi tano za kanda, ikaziunganisha moja baada ya nyingine, na kufikia Agosti 2006 nne kati ya hizo zilikuwa zikienda kwa mdundo mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 2012 njia ya kilovolti 400 kati ya Bina na Gwalior ilijizima, na kaskazini yote ikaanguka. Kesho yake kaskazini, mashariki na kaskazini-mashariki zikaanguka pamoja. Maeneo hayo yalikuwa na watu zaidi ya 600,000,000. Kusini mwa India hakukuguswa.

Sababu ya kusini kunusurika inahitaji maelezo, kwa kuwa ndani yake kuna chombo cha kudhibiti muunganiko ambacho wahandisi wanacho tayari mkononi. Kusini ilikuwa imeunganishwa na kwingine kwa mkondo mnyoofu, na kanda nyingine ziliunganishwa kwa mkondo geu. Gridi zilizoungana kwa mkondo geu hulazimika kwenda na masafa mamoja, hezi 50 kwa India. Upande mmoja ukipungukiwa, masafa yanashuka kila mahali kwa pamoja, na mitambo ya mbali inaanza kujizima ili ijiokoe. Njia ya mkondo mnyoofu hupitisha nishati bila kupitisha mtikisiko wa masafa. Mwendeshaji anaamua kiasi gani kipite, na kiasi hicho hakibadiliki kwa sababu tu jirani anayumba. Hicho ni kiungo kinachochagua. Québec ilinusurika kwa njia hiyohiyo tarehe 14 Agosti 2003, siku ambayo watu wapatao 50,000,000 wa kaskazini-mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario walikosa umeme.

Afrika Mashariki sasa ina viungo vya aina zote mbili. Njia ya kutoka Sodo, Ethiopia, hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na ni ya mkondo mnyoofu. Njia ya Isinya hadi Singida, inayounganisha Kenya na Tanzania kwa kilovolti 400, ni ya mkondo geu, na Desemba 2024 gridi za Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kwenda na masafa mamoja. Ni hatua kubwa iliyosubiriwa kwa miaka. Ni hatua pia ya aina ile ambayo mkazi haihisi: taa ya Singida inawaka vilevile kama jana, lakini sasa iko katika kundi moja na taa ya Kampala.

Tukio la Suswa linaonyesha kuwa mkondo mnyoofu nao si dawa ya kila ugonjwa. Siku ile hapakuwa na mtikisiko uliovuka mpaka na kuiangusha Kenya. Njia mbili kubwa zilikutana katika kituo kimoja, na kwa pamoja zilibeba zaidi ya robo ya mahitaji ya nchi. Wahandisi wana kanuni inayosema mfumo uweze kupoteza kifaa chake chochote kimoja bila kuanguka. Kanuni hiyo inafaa pale ambapo vifaa huharibika kimoja kimoja. Vifaa viwili vinavyoegemea mahali pamoja vihesabiwe kuwa kimoja, hata kama karatasi zinasema ni viwili.

Hapo ndipo makosa mengi ya upangaji yanapozaliwa, na intaneti ya ukanda huu ni ushahidi. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti. Kisha mikongo ya baharini ikafika kwa kufuatana: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Idadi ilivutia. Februari 2024 mikongo mitatu, SEACOM ikiwemo, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mawasiliano ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine yakayumba. Mjini Dar es Salaam ubalozi wa Marekani ulifunga huduma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Mikongo ilikuwa mingi, lakini njia za bahari zilikuwa mbili tu, ya kaskazini na ya kusini.

Kinyume chake, moja ya hatua bora kabisa za muunganiko katika ukanda huu haikulaza mkongo wowote baharini. Zamani barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani, ikiwa kampuni zao za intaneti ni tofauti, ilipanda angani, ikapita Ulaya au Marekani, kisha ikarudi mtaa uleule. Novemba 2000 kilifunguliwa kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili kampuni zikutane ndani ya nchi. Baada ya wiki chache mamlaka ilikifunga, kwa kuwa shirika lililokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje lililalamika. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kampuni 20 zikitaka kuungana kila moja na mwenzake zinahitaji viungo 190, lakini zikikutana kituoni zinahitaji 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa kati ya 2 na 10. Data inayohifadhiwa na kubadilishwa nchini haiulizi habari za nanga za meli zinazokata mikongo. Hii ndiyo hoja ya kuviimarisha pia vituo vya Dar es Salaam na Arusha, na kuwa na zaidi ya kimoja katika kila nchi, maana Albert, Jeong na Barabási walionyesha mwaka 2000 kwamba mtandao unaoegemea vituo vichache vikubwa hustahimili hitilafu za ovyo lakini huvunjika vituo hivyo vikiguswa.

Zanzibar inaujua uzito wa kiungo kimoja kuliko mahali pengine popote pwani hii. Kisiwa cha Unguja kilipata umeme wa bara kwa waya mmoja uliolazwa mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 ulipoharibika, giza lilidumu karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukaharibika tena, na umeme ukarudi Machi 2010. Hoteli ziliwasha majenereta ya dizeli. Mitaani shida ya kwanza ilikuwa maji, kwa sababu pampu za visima zilitegemea umeme uleule. Mwaka huohuo wa 2010, Sergey Buldyrev, Shlomo Havlin na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa mitandao inayotegemeana, wakitumia mfano wa giza lililoifunika Italia tarehe 28 Septemba 2003. Walionyesha kuwa mitandao miwili inayoegemeana huanguka kwa ghafla zaidi kuliko kila mmoja ukiwa peke yake, na baadaye wakaonyesha kuwa kupunguza utegemezi huo kunafanya anguko liwe la taratibu. Tangi kubwa la maji lililo juu ya kilima, linaloshusha maji bila pampu, ni teknolojia ya zamani inayopunguza utegemezi kwa namna hiyohiyo. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi Unguja mwaka 2013. Nao umepita kati ya Ras Kiromoni na Fumba.

Kwa hiyo ripoti zinazojivunia idadi ya mikongo, kilomita za nyaya na asilimia ya vijiji vilivyounganishwa hazitoshi. Zinahesabu viungo bila kusema kipi kinaegemea wapi. Kazi inayofuata tayari iko mezani: njia ya Tanzania na Zambia, ambayo ikikamilika itaikutanisha gridi ya Afrika Mashariki na ile ya kusini mwa bara. Mamlaka za udhibiti za Dodoma, Nairobi, Kampala na Lusaka zichapishe, kabla ya swichi kuwashwa, hesabu ya kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kupotea katika kituo kimoja ikilinganishwa na mahitaji ya kila nchi, zitaje njia zinazoshiriki nguzo, kituo au sakafu moja ya bahari, na zieleze mahali ambapo gridi zitaachana zenyewe jirani akianguka. Wahandisi wao wanazo takwimu hizo. Wananchi wanaolipa ankara wana haki ya kuzisoma.